Kunguni wa Karani

(Hadithi ya mfululizo: Ukuta wa Mama Deki, sehemu ya saba)

Ndoo ilimponyoka Mama Deki mkononi. Maji ya sabuni yakamwagikia viatu vya watu watatu waliokuwa wamesimama nyuma yake, na hakuna hata mmoja aliyelalamika. Wote walikuwa wanasoma ukuta.

Wewe uliyekosa gazeti la juma lililopita, sogea nikudokeze. Mama Deki ni mwenyekiti wa kamati ya usafi ya mtaa, mwanamke anayepiga deki mpaka ngazi za jirani, na jina lenyewe kalipatia huko. Mumewe, Mzee Karani, alikuwa karani wa mahakama hadi alipostaafu. Binti yao wa pekee, ambaye ni nesi, kapata mchumba, na siku hiyohiyo saa kumi jioni baba wa mchumba na shangazi wa mchumba walikuwa wanakuja kujuana na wakwe. Kwa ajili ya ugeni huo nyumba ilitakiwa kupakwa rangi nje. Mzee Karani akasema kazi hiyo aachiwe yeye, mkewe ashughulike na ndani.

Mama Deki akashughulika na ndani. Tangu alfajiri alikuwa uani akisugua masufuria ambayo wageni wasingeyaona maishani mwao. Alipomaliza, akabeba ndoo aje kuosha ngazi za mbele, na ndipo alipokuta ukuta unaotazama barabara umekuwa wa njano kama kiini cha yai. Juu ya njano hiyo, kwa rangi nyekundu ya mafuta iliyokuwa bado mbichi, kwa herufi zenye urefu wa mtoto wa darasa la kwanza, palikuwa pameandikwa:

KUNGUNI WA

Basi. Hapo mwandishi alikuwa ameishia. Lakini macho ya msomaji hayakuishia hapo, kwa sababu mbele ya "WA", chini kidogo ya paa, palikuwa na ubao mweusi ambao Mzee Karani aliufungua kwenye mlango wa ofisi yake siku ya mwisho ya kazi akaja nao nyumbani. Ubao ule una neno moja tu, kwa herufi nyeupe.

KARANI.

Mtaa ukasoma kwa pumzi moja. Kinyozi wa kwenye kona alisoma mara mbili, mara ya pili kwa sauti, ili mteja wake aliyekuwa na povu usoni asikose.

Fundi rangi alikuwa ameshuka kwenye ngazi, anafuta vidole kwa kitambaa chenye thina. Mama Deki alimwendea na swali moja, naye akajibu kwa adabu zote kwamba maandishi hayajakamilika. Yakikamilika yatasomeka KUNGUNI WAMEKWISHA, halafu patachorwa chupa ya dawa, na pembeni ya chupa kunguni mmoja mkubwa amelala chali miguu juu. Sasa nyekundu imemwishia. Mwenzake kaondoka na gari kufuata kopo jingine. Na tena kuna huu ubao, umekaa palepale inapotakiwa kuendelea "MEKWISHA", na yeye hawezi kung'oa ubao wa mtu bila ruhusa.

"Na ruhusa ya kuniandikia kunguni nyumbani kwangu kakupa nani?"

"Mwenye nyumba, mama."

"Mwenye nyumba ni mimi."

"Basi ni yule mwingine," fundi akasema, akaelekeza brashi mlangoni.

Mzee Karani alikuwa anatoka ndani. Alikuwa amevaa koti lake la mahakamani na viatu vinavyong'aa, na alipoona watu wamejaa barabarani akadhani wamekuja kuitazama njano yake. Akawapungia mkono. Akasimama katikati ya ngazi, akaweka mikono nyuma, akawaachia watu nafasi ya kumpongeza. Ilibidi kinyozi amwonyeshe kwa wembe kwamba ageuke.

Akageuka. Akasoma. Midomo ikamcheza kama ya mtu anayetafuna kitu kisichotafunika.

Habari yenyewe ilitoka kwake vipande vipande. Alikuja kijana wa kampuni, nadhifu, tai shingoni, akasema wanapaka nyumba za watu bure. Huyu mzee, ambaye miaka yote ya kazi alikaa dirishani akiwaambia watu wasome kwanza ndipo watie sahihi, aliposikia neno "bure" masikio yakaziba, mengine hakuyasikia tena. Akatia sahihi, na alichokumbuka ni kwamba kampuni inauza dawa.

"Nilidhani ni dawa ya kichwa, mke wangu," akasema. "Au ya kifua."

"Na kunguni wanakaa kifuani?"

Mzee Karani alijua, na ndiyo sababu jasho lilianza kumtoka, kwamba sahihi ni sahihi. Fundi alipoeleza kuwa ukuta ule kwa sasa ni wa kampuni, na kwamba atakayeugusa kwa rangi nyingine atajibizana na wakili wao, mzee alitikisa kichwa kukubali kabla hata fundi hajamaliza. Mazoea ya kazi.

Ili uelewe maumivu ya Mama Deki, rudi nami mwaka jana kidogo. Kamati ya usafi ilipita nyumba kwa nyumba. Katika nyumba inayotazamana na yake, kwa mshonaji wa nguo ambaye watu humwita Mama Sindano, Mama Deki aliona kitu chekundu kinatembea kwenye mshono wa godoro. Kilikuwa kimoja. Akaamuru godoro litolewe nje. Likakaa barabarani mchana kutwa, mwenyewe Mama Sindano kasimama kando yake kama mtu anayelinda maiti, na kila aliyepita alielezwa na mwenyekiti kwa sauti kubwa lipo pale kwa nini. Tangu siku hiyo wanawake hao wawili walisalimiana kwa nyusi.

Sasa Mama Deki hakuthubutu kutazama ng'ambo. Lakini alisikia cherehani ya Mama Sindano imenyamaza.

Akajikaza. Akaingia ndani akatoka na mashuka meupe, yale ya wageni, yaliyopigwa pasi mpaka yakawa yanakata. Akayatundika kuanzia paani hadi chini, neno lote likafunikwa. Akarudi nyuma kutazama kazi yake, roho ikaanza kutulia.

Mwanamke mmoja aliyekuwa anapita na kapu akasimama, akatazama yale mashuka, akatikisa kichwa kwa huruma.

"Wameanza kuanika," akamwambia mwenzake. "Basi ni wengi."

Upepo nao ukavuma kuelekea ukutani. Mashuka yakalala juu ya rangi mbichi yakashika. Mama Deki alipoyabandua, kila moja lilikuwa na herufi yake imegeuka nyuma mbele, na kule ukutani rangi ilikuwa imevutika pembeni ikaota vimiguu vyembamba. Kila herufi ikawa inafanana na mdudu mwenyewe. Fundi alisonya, maana kazi yake ilikuwa imeharibiwa, kisha akakaa kwenye kivuli kusubiri kopo.

Binti yao alirudi kutoka zamu ya hospitali akakuta mama yake amekaa sakafuni katikati ya mashuka. Alisikiliza kisa chote. Hakucheka, ingawa shavu moja lilimtetemeka. Alisema jambo ni dogo: wageni wakija waambiwe kwamba hilo ni tangazo la biashara, mzee alikubali bila kuuliza, watacheka wote na chai itanyweka.

Mama Deki alimtazama kana kwamba amependekeza nyumba ichomwe.

"Unajua baba mkwe wako alikuwa nani?"

Alijua. Baba mkwe alikuwa bwana afya. Maisha yake yote kazi yake ilikuwa kuingia majumbani mwa watu na kofia yake, kupitisha kidole juu ya makabati, na kuandika nyumba ipi ifungwe. Mtu wa namna hiyo hataki maelezo, alisema Mama Deki. Anataka ukuta usiosema kitu.

"Basi wapokeeni barabarani, wapitisheni uani," binti akasema.

Hapo Mzee Karani akakohoa. Kulikuwa na jambo dogo alilosahau kulitaja. Asubuhi, wakati njano inaanza kukolea na kichwa kimemvimba, alimpigia bwana afya simu kumwelekeza njia. Alimwambia hawezi kupotea. Aulize tu nyumba iliyopakwa rangi mpya, mtu yeyote atamwonyesha.

Mama Deki akainuka, akajifunga kanga vizuri, akavuka barabara.

Mama Sindano alikuwa amekaa kwenye cherehani yake, utepe wa kupimia shingoni. Alimwona mgeni wake mlangoni, akaendelea kukanyaga pedali mpaka mwisho wa mshono, akakata uzi kwa meno.

"Umekuja kukagua au umekuja kuomba?"

"Kuomba," Mama Deki akasema. Neno lilimkwaruza koo kama mwiba wa samaki.

Aliomba sebule. Kwa jioni moja tu. Wageni wakae hapa, wanywe chai hapa, waondoke, na huko mbele ya safari mambo yatajipanga. Alitegemea kicheko, na kicheko angekivumilia. Lakini Mama Sindano hakucheka hata kidogo, na hilo lilimtia hofu zaidi.

"Sebule ninayo," mshonaji akasema. "Vikombe ninavyo. Viti vina mito, nimeishona mwenyewe." Akapapasa mto uliokuwa karibu. "Hili ni lile godoro. Nililianika, nikalipiga maji ya moto, nikalikata vipande nikavitia humu. Utaukalia?"

Mama Deki aliutazama mto ule. Ulikuwa na maua ya zambarau.

"Nitaukalia."

"Na utakaa mpaka wageni waage. Sitaki uone kitu uinuke."

Wakakubaliana hivyo.

Bwana afya alifika na kofia yake kichwani, mwembamba, macho mekundu kidogo, anatembea kwa hatua za mtu anayekagua mtaro. Kando yake alikuwa dada yake, shangazi wa mchumba, mama mnene mwenye uso mkunjufu na mkoba mkubwa. Waliuliza kwa kinyozi nyumba iliyopakwa rangi mpya. Kinyozi, ambaye alikuwa amesubiri swali hilo mchana kutwa, akanyoosha mkono wote.

Mama Deki akawawahi katikati ya barabara.

"Karibuni, karibuni sana. Ni huku," akasema, akamshika shangazi mkono akamgeuza.

Bwana afya hakugeuka haraka. Alisimama akaisoma nyumba ya njano kuanzia mwanzo hadi kwenye ubao.

"Mzee aliniambia nyumba yenye rangi mpya," akasema.

"Nilisema itapakwa," akasema Mzee Karani, aliyekuwa amejibanza nyuma ya mkewe. "Simu zina kelele siku hizi."

"Na pale pameandikwa Karani."

"Makarani wako wengi mjini," akasema Mama Deki.

"Nawe si karani, mzee?"

"Nilikuwa," akasema Mzee Karani. "Nimestaafu."

Wakaingizwa kwa Mama Sindano. Mwenye nyumba akawapokea vizuri mno, akatoa chai na biskuti, akawaketisha. Jambo moja tu Mama Deki hakulipangia: sebule ile ilikuwa na dirisha pana, kwa sababu mshonaji anahitaji mwanga, na dirisha lenyewe lilitazama moja kwa moja ng'ambo. Ukuta wa njano uliingia mle ndani kama picha ya ukutani. Mgeni aliyeinua kikombe aliuona. Aliyeinamisha kichwa aliuona kwenye kioo cha kabati.

Halafu Mama Deki, aliyekuwa amekalia ule mto wa maua ya zambarau, akaanza kuwashwa. Alijua mto ule ulikuwa safi, alisikia harufu ya sabuni, lakini mwili haukusikia la mtu. Ilianza nyuma ya goti. Ikapanda. Aliwashwa mgongoni, akawashwa kwapani, akawa anajisugua kwenye egemeo la kiti polepole, kidogokidogo, huku anatabasamu. Mama Sindano alimwona, akamwongezea chai.

Mazungumzo yalianza na hali ya hewa yakaenda kwenye vijana. Bwana afya alisema mwanawe ni mtu wa utaratibu, anakunja soksi. Mzee Karani alisema binti yake pia ni wa utaratibu. Binti mwenyewe alikaa kwenye kigoda karibu na mlango, bado na sare yake, mikono mapajani, anamsikiliza baba yake akieleza jinsi nyumba yao ilivyo tulivu, bila kusema iko wapi. Bwana afya alipitisha kidole kwenye ukingo wa dirisha, akakitazama, akaridhika. Na kidole kikiwa bado kimesimama hewani, akauliza.

"Pale ng'ambo wanaishi watu gani?"

Alikuwa amemuuliza Mama Sindano. Mshonaji akaweka birika chini taratibu. Kwa kitambo kidogo alikuwa ameshika maisha ya jirani yake kiganjani, na alijua hivyo.

"Muulize mwenyekiti wetu wa usafi," akasema. "Ndiye anayejua humu mtaani nani ana nini."

Vichwa vyote vikamgeukia Mama Deki.

Nafasi ilikuwepo, msomaji, wala sitakuficha. Ingetosha kusema "ni kwetu" na kucheka. Alimtazama mumewe, akamkuta anachungulia ndani ya kikombe kana kwamba kimeandikwa hukumu. Akamtazama binti yake. Binti akamwinamishia kichwa kidogo: sema. Mama Deki akafungua kinywa kusema, na kilichotoka kikawa kingine.

"Watu wachafu," akasema.

Na baada ya kuanza, hakuweza kujizuia. Alisema hawana mazoea nao. Alisema kamati imewaonya mpaka imechoka. Alisema mashuka yao angeyaona mtu asingekula siku hiyo. Aliwasema watu wa nyumba ile kwa ufundi wote wa mtu aliyefanya kazi hiyo miaka, huku mumewe anazidi kuzama kwenye koti lake, na mwisho akafunga hotuba kwa sauti ileile ya siku ya godoro.

"Mtu mwenye kunguni ndani mwake hafai hata kupewa mkono."

Kikombe cha Mama Sindano kikagonga sahani yake mara moja. Shangazi, ambaye mkono wake ulikuwa njiani kwenda kwenye biskuti, akaurudisha mapajani.

"Basi sisi tungerudisha mikono yetu," akasema polepole. "Maana kwetu wapo."

"Dada," akasema bwana afya.

"Niache niseme, kaka, nimechoka." Akamgeukia Mama Deki, na usoni hakuwa na hasira, hilo ndilo lilikuwa baya. "Tunao mwaka wa pili huu. Hatumwiti mtu wa kupulizia dawa kwa sababu kila mtu wa kupulizia dawa anamjua kaka yangu, wote kawafundisha yeye. Huyu unayemwona analala juu ya meza ya jikoni, miguu ya meza ameitumbukiza kwenye makopo ya maji. Mimi nalala kwenye kiti."

Bwana afya alivua kofia akaiweka magotini. Bila kofia alikuwa mzee wa kawaida ambaye hajalala vizuri siku nyingi.

"Nilipouona ule ukuta nilishusha pumzi," shangazi akaendelea. "Nikasema, jamani, hawa wameandika mbele ya nyumba kwa herufi kubwa. Watu wasiojificha. Lazima na dawa wanayo. Hawa tutapatana nao. Kumbe si nyumbani kwenu."

Mama Deki aliacha kuwashwa. Mwili ulikuwa umekufa ganzi. Kila njia aliyoitazama ilikuwa imezibwa, na aliyeiziba ni yeye. Akisema nyumba ni yake, ni mwongo mbele ya wakwe. Asiposema, amewatukana wakwe chai ikiwa bado ya moto. Mzee Karani akainua kidole, akaanza kusema kwamba kisheria neno "mchafu" lina tafsiri nyingi, lakini hakuna aliyemsaidia, akashusha kidole.

Binti akasimama. Tangu wageni waingie hakuwa amesema neno zaidi ya shikamoo.

"Samahani, shangazi," akasema. "Narudi sasa hivi."

Akatoka. Kupitia dirisha wakamwona anavuka barabara na sare yake nyeupe. Gari la mafundi lilikuwa limerudi, na fundi rangi alikuwa anafungua kopo jipya la nyekundu kwa bisibisi. Binti akasema naye. Fundi akatikisa kichwa. Binti akasema tena, akaelekeza kidole kwenye ubao. Fundi akakuna kisogo, akatazama kushoto na kulia, akampa bisibisi.

"Nani yule?" akauliza bwana afya, ingawa alikuwa anaona.

Binti alipanda ngazi, akafungua skrubu za ubao moja baada ya nyingine, akamshushia fundi. KARANI akaegemezwa ukutani, uso ndani. Mzee Karani akatoa sauti ndogo, kama mtu aliyekanyagwa kidole.

Kisha binti akaomba kopo na brashi. Akachovya, akakung'uta, na pale ubao ulipokuwa akachora mstari wa kwenda juu, ukashuka mshazari, ukapanda, ukashuka.

M.

"Anamalizia maandishi," akasema shangazi. "Anajua kuandika kumbe."

Lakini Mama Deki alimzaa yule, na alimwona mabega yalivyokaza. Alijua kwamba WAMEKWISHA, baada ya WA, huendelea kwa M na kisha E. Alijua pia kwamba kuna maneno mengine yanayoanza kwa M. "Kunguni wa Mama Deki", kwa mfano, huendelea kwa M na kisha A. Rangi ya mafuta. Mbele ya barabara. Na ukuta usioruhusiwa kuguswa mpaka mkataba uishe.

Akainuka.

"Tulikubaliana utakaa," akasema Mama Sindano.

Hakukaa. Alitoka bila viatu, akavuka barabara, na nyuma yake wakatoka wote: mumewe, bwana afya na kofia yake mkononi, shangazi na mkoba, na mwisho Mama Sindano na utepe wake shingoni. Kinyozi naye akatoka, mteja wake akamfuata nusu ya kidevu haijanyolewa.

Mama Deki alifika chini ya ngazi akaishika kwa mikono miwili, maana ilikuwa inatikisika.

"Shuka, mwanangu."

"Herufi inayofuata ni ipi, mama?"

"Unaijua."

"Siijui." Binti hakuwa amepandisha sauti, lakini barabara ilikuwa kimya na kila mtu alimsikia. "Inategemea hii nyumba ni ya nani, na waliomo ndani ni watu gani. Mimi nimelala humu tangu nizaliwe. Sijawahi kuona kunguni, na sijawahi kuwa mchafu. Sema wewe. Sema hapa, wasikie. Na yule mama wa ng'ambo asikie pia, maana yeye ulimsemea barabarani. Ukisema, naandika E. Usiposema, naandika A, na nitaandika mpaka mwisho."

Tone la rangi nyekundu lilidondoka kutoka kwenye brashi likamwangukia Mama Deki kwenye paji la uso. Lilianza kushuka kuelekea kwenye nyusi. Hakulifuta. Wale waliomjua miaka mingi walitazamana, kwa sababu hawakuwahi kumwona ameachia kitu chochote kidondoke bila kukifuta.

Aligeuza shingo. Shangazi alikuwa anasubiri, kichwa upande, bado na ule uso mkunjufu, bado hajaelewa. Mama Sindano alikuwa amekunja mikono.

"Shangazi," akasema Mama Deki. Sauti haikutoka, akaimeza, akaanza upya. "Shangazi, ile nyumba niliyokueleza..."

Ikakatika hapo. Midomo iliendelea kusogea bila neno.

Juu ya ngazi binti alimsubiri kidogo. Kisha akachovya brashi, akaikung'uta mara moja kwenye ukingo wa kopo, akaiweka ukutani.